Wakili wa Tarumbeta

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, dada yake mdogo, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitayasoma yalivyo, maana mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Yule mnayemwona kule getini, mnayemwita Tarumbeta, ameomba naye azungumze, na jibu la familia nitampa nikimaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa mshona nguo na fundi redio, akaanza shule mwaka 1973, akirudishwa nyumbani kila mara kwa kubishana na walimu, akahitimu sheria mwaka 1991, akafungua ofisi ya uwakili katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, chenye feni iliyopiga kelele kuliko wateja. Tarehe 18 Novemba 1995 alimwoa muuguzi, binti wa watu waliohamia huku zamani, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 Tarumbeta alikuwa akirusha video mtandaoni kila jioni, akiwaita watu wa kwao wifi yangu kunguni, akitaka wafukuzwe, akashtakiwa kwa uchochezi, mawakili wote wakamkwepa, kaka akamtetea bure. Nilimuuliza kama amerogwa, naye akanijibu, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba maneno mabaya yajibiwe hadharani, kwani serikali ikishazoea kufunga watu midomo haitaishia kwa Tarumbeta. Alishinda kesi tarehe 2 Septemba. Mwezi Novemba wasikilizaji wa Tarumbeta walilichoma moto duka la dawa la kaka wa wifi, mwenyewe akiwa ndani, akafia humo, na askari walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama.

Wifi, umeniruhusu niliseme hili. Hakumfukuza mumewe, alimpikia, alimfulia, ila mwaka mzima hakumsemesha, na kaka alikonda mbele ya macho yetu.

Kisha ikatungwa sheria kali dhidi ya maneno ya chuki, tukaishangilia, mimi wa kwanza. Na aliyekuwa wa kwanza kunaswa nayo, jamani, si Tarumbeta, ambaye alishapata marafiki wakubwa, ni kaka, kwa kuandika mtandaoni kwamba askari waliutazama ule moto mikono mfukoni. Alikamatwa tarehe 11 Februari 2019, akakaa mahabusu miezi saba, akatoka figo zimeharibika, akauguzwa na mkewe, aliyekuwa sasa anamsemesha, hadi alipofariki tarehe 14 Machi mwaka huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na maji, na mawakili wenzake wachache, wachache kweli, waliokwenda kumwona mahabusu. Wengine ndio tunaowaona leo na suti zenu, karibuni.

Sasa lile ombi. Mimi ningemtoa getini kwa mikono yangu, lakini mwenye msiba ni wifi, naye asubuhi alituambia: "Mpeni kipaza sauti. Ila asimame hapa mbele yangu, aseme akinitazama."

Haya, Tarumbeta, watu wamekupisha njia, kipaza sauti hiki hapa, mbona hutembei?

Basi tusizidi kumweka marehemu juani. Kaka, umebishana vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.