Mirabaraba na Jirani Yangu Joaquina

Mheshimiwa Administrador wa wilaya, sheikh wetu na padre wetu, viongozi wa kijiji, wageni mliotoka kambi ya gesi, Mestra Deolinda uliyetufundisha kushona, mama zangu, shemeji zangu, dada zangu tuliohitimu leo: salamu zimfikie kila mmoja alipoketi. Mimi ni Nadia, mke wa Selemane. Wanafunzi wenzangu wamenichagua niwasemee, na nitasema huku nimembeba mwanangu, maana meno yanamtoka na hataki kushuka. Mtuvumilie.

Mnaona magauni tuliyovaa? Ni kitambaa cha mirabaraba, xadrez, tumekishona wenyewe. Siku Mestra alipokileta alituuliza: hivi mirabaraba ilianzia wapi? Sote tukasema India, maana ndiko misuli ya kujifunga kiunoni ya babu zetu ilikotoka. Akasema ndiyo, ila hata kule Uskoti, kwenye milima ya baridi, watu walifuma sufu ya mirabaraba tangu zamani sana, na jina inaloitwa leo kwa Kiingereza, plaid, kwa asili maana yake ilikuwa blanketi tu.

Joaquina, jirani yangu, akadakia: "Mestra, blanketi hilo alivaa nani?"

"Wanaume. Walijizungushia kiunoni, ncha wakaitupa begani."

"Aa, basi hao ni wa hapa hapa! Ni Selemane na msuli wake, kasoro baridi tu!"

Tulicheka hadi vyerehani vikasimama.

Lakini blanketi, neno hilo limenikaa. Mwanangu huyu alipozaliwa, Selemane alikuwa kambini akichimba mitaro, na mvua ilikuwa imekata barabara ya Palma. Aliyempokea ni Joaquina. Nyumbani mwangu hamkuwa na kitu kikavu, akavua msuli wa marehemu mumewe aliokuwa amejitanda, akamfungia humo. Mimi Mmwani, yeye Mmakonde. Mimi nakwenda msikitini, yeye kanisani. Na kati ya nyumba zetu hakuna uzio. Asubuhi huniita, "We Nadia, umekufa au umelala?" Nami humjibu, "Nimekufa, leta uji."

Wiki ijayo tunahama kupisha mtambo wa gesi. Mheshimiwa na wageni wa kambi, mlituonyesha ramani ya kijiji kipya, mkasema tazameni kinavyopendeza, viwanja vimenyooka kama xadrez. Ni kweli, nyumba ni za matofali na bomba la maji lipo. Sitasema uongo mbele ya watoto. Lakini nyumba zimegawiwa kwa idadi ya watu wa kila familia. Mimi nimeangukia mwanzo wa barabara, Joaquina ng'ambo ya shule. Hata nikipiga kelele hatanisikia. Hatujahama bado, nami nimeshaanza kuitamani sauti yake.

Mestra alitufundisha kuijua mirabaraba ya kweli. Geuza kitambaa. Iliyopigwa chapa, upande wa ndani imefifia. Iliyofumwa, nje na ndani ni ile ile, kwa sababu nyuzi zenyewe zimepitana, nyekundu na buluu, na pale zilipokutana pametokea rangi ambayo hakuna aliyeinunua dukani. Je, ramani yenu tukiigeuza, tutaona nini?

Sikatai kuhama. Ninachoomba ni kimoja. Familia kadhaa tumekubaliana kubadilishana nyumba, na wote wameridhika. Tulipouliza tuliambiwa, "Dona, ramani imeshafungwa." Imefungwa vipi, na funguo bado hazijatolewa? Hakuna ukuta utakaobomolewa. Ni watu tu watakaopishana mlangoni na magodoro yao.

Mliokubaliana, simameni. Joaquina, nawe simama, acha aibu, leo si ya kuficha uso. Mheshimiwa, hawa ndio, na uwezo wa kusema ndiyo unao wewe.

Vyeti vipo mezani. Changu kikae kwanza, nitakichukua nikishasikia jibu. Mestra Deolinda, mikono yako isichoke. Nanyi nyote mliotega masikio mkamvumilia na mtoto huyu, Mungu awalipe.

Mheshimiwa, tumesimama.