Chengzhi Asiitwe

Sogeeni, wanangu, nisikike bila kupaza sauti. Dunli, kaa kitako, uache kuzungukazunguka humu kama mlinzi wa zamu; anayesafiri ni mimi, si wewe. Suniang, niinulie mto kidogo, kifua kimebana. Wino usagwe, lakini asiandike mtu mpaka niseme.

Tangu nishinde mitihani ya ikulu nimehamishwa mji hadi mji, muhuri kiunoni na watoto juu ya mkokoteni, wala sijapata kula tunda la mti nilioupanda kwa mkono wangu. Waziri Ge alinitupa kusini kwenye homa kwa kuwa nilimwambia Mfalme, yeye akisikia, kwamba maghala ya njaa yalikuwa matupu. Nilimchukia, na hata sasa namchukia, siwafichi. Lakini chuki hiyo naondoka nayo, msiirithi. Shamba la miforosadi ni la Dunli. Nyumba ni ya mama yenu maadamu yu hai. Vitabu ni vya Suniang, maana ndiye anayevisoma, na mumewe akinuna, na anune.

Sasa linalonikosesha raha. Nikikata roho, sheria inamtaka kila mwanangu aliye kazini avue kofia ya cheo arudi nyumbani, akae matangani hadi mwaka wa tatu. Chengzhi yuko Mto wa Manjano, na ukingo anaoujenga haujafika nusu. Atakayeshika nafasi yake namjua kabla hajateuliwa: atapima upya, atagombana na mafundi, atangoja muhuri wa mkubwa wake, na theluji ya milimani ikiyeyuka, mafuriko hayamngoji mtu. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mto ule, usipouziba ufa, haukuachii wa kujenga.

Jana Dunli kaninong'oneza kwamba nikifa nitiwe chumvi, majirani waambiwe bado naumwa, hadi ukingo ukamilike. Ewe mwanangu, nimewatumikia wafalme watatu, leo nikawe samaki ng'onda? Msiba haufichiki, na ukifichuka, shingo itakayokatwa ni ya mdogo wako.

Basi andika. Ofisa anayekufa hupewa barua moja ya mwisho kwa Mfalme, na wenzangu wote huitumia kuwaombea wana wao vyeo. Mimi naomba Mfalme amkataze Chengzhi kuja kunizika. Usiiweke kalamu chini, Dunli. Najua unachotaka kusema.

“Baba, watamwita mwana asiye na haya maisha yake yote.”

Watamwita. Ndiyo maana naomba amri, na jina langu liwe chini yake, wakitaka kutukana waje watukane kaburi. Barua iondoke mara nikifumba macho, na amri imfikie kabla ya habari ya msiba, maana akitangulia kusikia, hakuna ukingo utakaomzuia.

Maji, Suniang. Yatosha.

Nizikeni karibu na mama yangu, bila ngoma nyingi. Pendaneni. Mtunzeni mama yenu. Mbingu ziwape uzee wenye meno, na wazee wetu wawatambue… Ngojeni, sijamaliza. Akili yangu inakuja na kuondoka. Huenda baadaye nikamwita Chengzhi. Nitamwita, najijua, ndiye niliyempenda kupita kiasi, mnisamehe nyote. Nitalia. Nitaamuru farasi atandikwe. Semeni, ndiyo baba, mjumbe ameshatoka.

Kisha msimtume mtu.