Mama Mong'ina na Nywila Iliyoulizwa Tena na Tena

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi shuleni kwetu, Mama Orpah Mong'ina, msimamizi wa maabara ya kompyuta, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai.

Alianza katika stoo ya jikoni, akahamia maktaba, na kompyuta zilipoletwa akakabidhiwa ufunguo wa maabara. Vifuniko vya mashine alivishona mwenyewe kutokana na mapazia ya zamani ya bwalo. Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kila mashine ilikuwa imefunikwa, hata mwalimu awe amebakisha ukurasa mmoja tu.

Sisi wa Klabu ya Kompyuta tunaandika haya kwa aibu. Mwaka jana tulizipanga mashine zetu, zinazotumia mfumo wa Linux, ziingie zenyewe zikiwashwa, bila nywila, ili tusipoteze muda wa somo. Tangu siku hiyo, kila programu iliyoanza pamoja na mashine ilidai nywila: programu ya mtandao, ile ya kuhifadhi kazi, kisha ile ya mtandao tena. Aliyeijua nywila ni Mama peke yake. Akawa anazunguka dawati kwa dawati akiiandika, nasi tukimwita Mama Nywila na kunong'ona kwamba anapenda kubembelezwa.

Mwezi uliopita, akitaka kumwachia mrithi wake mashine zisizosumbua, aliketi na Gesare, mwenyekiti wetu, kutafuta chanzo. Wakakipata. Nywila ya kuingilia ndiyo hufungua pia kisanduku ambamo mashine huweka nywila nyingine. Mashine ikiingia yenyewe, kisanduku hubaki kimefungwa, na kila programu inayokihitaji huuliza upya. Wakarudisha nywila ya kuingilia, wakaifanya ya kisanduku iwe hiyo hiyo. Sasa kila msichana amepewa nywila hiyo, na anaiandika mara moja tu.

Gesare alikiri kwamba ni sisi tuliogusa mipangilio, akangoja kukaripiwa. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe mmekuwa mkinitembeza bure, wasichana wangu. Haya, angalau najua kila mmoja anapoketi."

Jumatatu iliyofuata mashine ziliwaka kimya. Mama alisimama katikati ya maabara, tayari kuitwa, na hakuna aliyemwita. Hapo ndipo tulipoona kwamba hatukuwahi kumwita kwa jambo jingine.

Mama, asante kwa kila hatua. Tunakuombea afya, na shamba lako la chai kule Ikonge lichipue vizuri. Tukija kukutembelea likizoni, tutabisha hodi na kukuita kwa jina lako, na hatutakuwa na nywila ya kuuliza.

Joyline Masese, kwa niaba ya Klabu ya Kompyuta