Mama Léonie, Mwalimu wa Mawingu ya Kabuta

Baba mchungaji, wazee wa Kabuta, na ninyi mliovuka ziwa jana kutoka Kilwa na vijiji vingine vya ng'ambo, upande wa Congo, kuja kumlilia mwenzetu, anayewasomea ni Ruffin, mdogo wake marehemu, na akina mama wa ufukoni wameniomba nimalize kabla jua halijasimama utosini, sababu yake mtaisikia mwishoni, kwa hiyo nitasoma haraka haraka, na dada yangu asingenilaumu, maana yeye mwenyewe hakujua kutembea polepole.

Marehemu Léonie alizaliwa tarehe 9 Aprili 1970 huko Pweto, upande wa Congo, mtoto wa kwanza wa baba Ambroise, fundi wa mitumbwi, na mama Yolande, muuza chumvi, na tangu alipojua kusimama, mvua ikianza sisi wengine tulikimbilia ndani, yeye alitoka nje kuitazama inavyokuja juu ya maji, akarudi amelowa chapachapa, mama akamchapa, na mvua ya kesho yake ikamkuta nje tena. Shule ya msingi alisoma Pweto, 1976 hadi 1982, sekondari akasoma Lubumbashi kwa mjomba wetu, na mwaka 1988 akapata diploma yake ya hesabu na fizikia, msichana peke yake katika darasa la wavulana.

Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu Jean-Claude, mfanyabiashara wa samaki, Mungu akawapa watoto watatu, Yolande mwaka 1993, Dan mwaka 1996 na Reine mwaka 1999, kisha Desemba 2000 vita ikafika Pweto, wakakimbilia Zambia na watoto mgongoni, wakaishi kambi ya Kala, ambako marehemu alifundisha watoto hesabu chini ya turubai, hadi mwaka 2009 walipohamia hapa Kabuta.

Hapo ndipo redio ilipotangaza kwamba chuo kimoja Lusaka kinapokea wanafunzi wa hali ya hewa, shirika moja la wakimbizi likakubali kumsaidia, na dada yangu, karibu miaka arobaini, akaanza kucheka peke yake jikoni. Ukoo ukakaa kikao, tukauliza mama wa watoto watatu anakwenda kusomea mawingu, kwani mawingu yanaliwa, na shemeji, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno mengi, akatujibu, "Mumuache aende, bukari nitapika mie," na kweli akapika, ingawa Reine aliyekaa pale mbele anajua ugali ule ulikuwa wa namna gani.

Chuoni aliingia Januari 2010, Kiingereza kikamtoa jasho, mtihani wa kwanza akaanguka, lakini hakukata tamaa, akapatana na wanafunzi wenzake, vijana ambao angeweza kuwazaa, waliomwita Bamayo, yaani mama, wao wamsomee vitabu kwa sauti, yeye awafundishe hesabu, na wote wakafaulu. Siku walipoachia puto lenye vipimo, alimpigia mume wake simu akipiga kelele, "Jean-Claude, tumetupa balon, inapanda, inatuma habari toka juu ya mawingu, unasikia, juu ya mawingu!" na siku nyingine akamweleza kwamba usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, upepo unatoka nchini kwenda majini, hewa ya moto ya ziwani inapanda, na wingu la radi linajengeka palepale wavuvi wanapotega nyavu, akaeleza na kueleza mpaka unité za simu zikaisha. Alihitimu tarehe 30 Novemba 2012, na furaha ile hakuna aliyeiona akaisahau.

Alirudi Kabuta akiwa mwajiriwa wa idara ya hali ya hewa ya Lusaka, na kituo kidogo, vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji, chombo cha kupimia mvua, na mlingoti wenye mkono wa kitenge, ulioshonwa kama mkono wa shati, wa kuonyesha upepo. Jirani yake, Mama Pierrette, akaona miezi inapita chombo cha mvua hakina hata tone, akamwonea huruma asije akafukuzwa kazi, akamwagia humo kikombe cha maji, na Lusaka wakapiga simu kuuliza ni mvua gani hiyo iliyonyesha Kabuta katikati ya Julai, mwezi wa kiangazi. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Novemba 2014 hakucheka. Asubuhi alitangaza ufukoni kwamba mchana kutakuwa na radi na upepo mkali, watu wasivuke, lakini Ba Kabaso, mwenye maboti ya kwenda Kilwa, akang'oa nanga, na boti ikapinduka, watu wakaokolewa wameshikilia bidoni tupu, yale madumu ya plastiki, tunamshukuru Mungu hakufa hata mmoja. Jioni ile barazani Ba Kabaso akasema huo ni uchawi, anayejua radi inakuja ndiye anayeituma, watu wakaitikia, na dada yangu, mtu wa kuja, mkimbizi, akapewa mpaka Jumapili awe ameondoka na watoto wake. Tulidhani atalia, lakini alisimama akasema, "Kama kujua mvua njo bulozi, basi niwafundishe bote, tutaona nani atabakia wa kunishitaki."

Kesho yake akaanza na akina mama wa ufukoni, wanunuzi wa samaki, akawafundisha kusoma vile vipimajoto viwili, kutazama wingu linavyonenepa na mkono wa kitenge unavyogeuka, na Jumamosi Mama Pierrette mwenyewe akatangaza mvua kwa sauti yake, ikaja, ikatulowesha sote. Jumapili baraza likakaa, likaangalia wanawake wote wale waliojua mvua sasa, likajiuliza wakifukuzwa nani atanunua samaki, na kesi ikaishia hapo, na wiki iliyofuata Ba Kabaso naye akaja darasani, akasimama nyuma kabisa, kofia imemfunika macho. Miaka kumi na moja sasa, boti zake haziondoki kabla hajauliza.

Marehemu alianza kuugua figo Machi mwaka huu 2025, akatibiwa hospitali za Nchelenge na Mansa, na alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Novemba alimuuliza Reine mkono wa kitenge unaelekea wapi, Reine akatoka nje kuangalia, akarudi akamwambia unaelekea ziwani, akasema vizuri, akafumba macho. Tunaumia, tena sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, kanisa, wenzake wa kazi waliotoka Lusaka, na akina mama wa ufukoni, ambao tangu juzi walitangaza kwamba leo Ijumaa mchana ziwa litachafuka, ndiyo maana wageni wetu mlivuka jana, na ndiyo maana ninasoma mbio. Mkono wa kitenge umeshageuka, wote mnauona, na kule ufukoni Ba Kabaso anamaliza kufunga boti zake kwa mikono yake mwenyewe, na ziwani hakuna mtu hata mmoja.

Dada Léonie, mvua yako inakuja, na leo sisi sote tulijua. Pumzika kwa amani.