Mama Bado Hakuwa Mpole

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kupaka vanishi kwenye kiwanda chetu cha samani, Mama Bado anastaafu. Ofisi ilishauri tuandike humu jaridani kwamba alikuwa mpole na mtiifu. Mtusamehe. Hakuwa.

Jina hilo alilipatia mkutanoni. Meneja aliyepita alizoea kumaliza kwa kuuliza, "Tumeelewana?" nasi tunaitikia "Ndiyo!" huku tumeshageukia mlango, njaa inauma. Siku moja sauti moja ikabaki nyuma: "Bado." Tulicheka sote isipokuwa meneja.

Hakuwa hodari wa kuhutubia. Nguvu yake ilikuwa masikioni. Alimwacha mtu amalize, hata awe bosi, halafu anamrudishia maneno yake mwenyewe bila kutia chumvi. Wengi waliona afadhali watukanwe.

Sisi tuliotoka mbali tunalala bwenini, nyuma ya stoo ya mbao. Wizi ulipozidi, meneja akatangaza kwamba usiku mlango wetu utafungwa kwa nje, ufunguo akae nao mlinzi. "Tumeelewana?" Kila mtu anawaza kibarua chake. Mama Bado, ambaye ana nyumba yake na wala halali pale, akainuka.

"Nakusikia, baba. Unasema moto ukishika mbao, wanangu wamtafute kwanza mlinzi, naye autafute ufunguo. Nimekuelewa vizuri?"

"Sikusema hivyo!"

"Basi sema ulivyosema. Tunakusikiliza."

Akakaa. Kesho yake meneja alimtoa kwenye vanishi, akampa ufagio. Mama alifagia vumbi la mbao miezi mitatu, akiimba kwa makusudi kila alipopita dirisha la ofisi. Lakini kufuli halikuwekwa.

Kiangazi kilichofuata stoo iliungua. Tulitoka wote, wengine bila viatu, mmoja amekumbatia mto akidhani ni begi lake.

Ofisi haijawahi kumwambia asante. Tunaiandika sisi, kwenye jarida lao, kwa herufi kubwa: ASANTE.

Mama, pumzika. Tunakutakia afya, usingizi mtamu, na nyumba ambayo ukifungua mdomo watu wanazima redio.