Mzee Thobias Minani Anatuachia Kalamu na Hofu Yake

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Thobias Minani anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya useremala hapa Rulenge. Alifika akiwa kijana wa kupiga randa, anaondoka akiwa fundi mkuu. Milango na madawati yake yamesambaa kutoka hapa hadi Biharamulo, na wengi wenu mnaosoma ratiba hii ya kumuaga mmekalia kazi ya mikono yake.

Nimeombwa niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba mimi, Kwandu, ndiye ninayeachiwa mashine ya msasa kuanzia Jumatatu, na haya ninayaandika huku nikiiangalia kwa jicho moja.

Kwa msio wa karakana: mashine hiyo hushikwa kwa mikono miwili, na mbele ina sahani ya mpira inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Msasa wa duara hufungwa juu ya sahani kwa nati moja ya katikati. Misasa iliyokuja na mashine iliisha zamani, na ya kipimo chake haipatikani madukani kwetu. Inayopatikana ni mikubwa kuliko sahani, na matundu yake ni madogo, kwa hiyo kila mmoja lazima ukatwe upya. Ukingo ukizidi sahani, unakata nyama kama panga. Tundu likikosa katikati hata kidogo, mashine inatikisika, msasa unachanika, na vipande vinaruka vinakotaka vyenyewe.

Mzee Thobias ndiye aliyetutafutia njia. Alichonga kigezo cha ubao mwembamba, sawa na sahani, akakitoboa katikati sawa na nati. Msasa hulazwa kifudifudi, kigezo kikawekwa juu, kisha kalamu huzunguka ukingo na kuingia tunduni. Ndipo mkasi unaguswa. Amri yake ilikuwa hiyohiyo moja, na kila aliyepita hapa aliisikia katika Kiswahili chake, ambacho r na l huazimana viti: "Msasa haukatwi bira karamu!"

Hapo ndipo kilipoanzia kisa cha Abeli. Abeli alikuwa mgeni kutoka Nyarubungo, na alielewa alichosikia: mzee anataka karamu. Akadhani ni mila ya mafundi wa huku. Kesho yake akaleta maandazi na chupa kubwa ya chai ya maziwa, tukala wote, na mzee akashukuru sana bila kujua anakaribishwa kwa lipi. Abeli akaamini mila imetimizwa. Mzee alipotoka kwenda kupima madirisha kwa mteja, akakata msasa kwa kukadiria, akaufunga, akawasha.

Mimi nilikuwa karibu, nafuta vumbi mlangoni. Mashine ilipiga ukelele ambao hadi leo naukumbuka nikisikia bati likikwaruzwa. Kipande cha msasa kilichana kilemba changu juu ya sikio. Abeli aliiachia mashine, ikakimbia sakafuni kama kuku aliyechinjwa, mpaka fundi mwenzetu Ernesta alipozima umeme ukutani. Nilijishika kichwa chote, kipande kwa kipande, kuhakikisha kipo.

Mzee aliporudi tulitegemea radi. Badala yake alikaa juu ya mbao, akataka aelezwe yote tangu mwanzo. Habari ya karamu ilipofumuka tulicheka hadi machozi, ingawa mimi machozi yangu yalikuwa ya kilio hasa. Kisha akamwambia Abeli, "Mwanangu, mimi hii mashine naiogopa tangu siku ya kwanza. Siku ukiona huiogopi tena, iweke chini, nenda ukarime maharage."

Tangu siku hiyo, msasa mpya haugusi mbao kabla ya kuelekezwa kwenye kona isiyo na mtu, ukazungushwa mtupu, na mzee akasali Salamu Maria moja. Msasa wenye kasoro huchanikia humo humo ndani ya sala. Mimi wazazi wangu walikuja Kaniha na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na kwetu hatukuwa watu wa rozari. Sala hiyo nimefundishwa na mashine, na siwezi kuisema bila kusikia harufu ya vumbi la mbao. Wapo watakaomsifu mzee kwa makabati. Mimi namsifu kwa vidole, maana hakuna fundi aliyepungukiwa hata kimoja chini yake.

Nilimsihi anikatie misasa ya kutosha kabla hajaondoka. Alikataa huku akitabasamu. "Nikikukatia, utaacha kuogopa." Wiki iliyopita alinikabidhi kigezo, akanichomekea kalamu sikioni, sikio lile lile. Nilitaka kumwambia asubiri mwaka mmoja zaidi. Badala yake nikakipokea kigezo kwa mikono miwili, kwa sababu amechoka, na amestahili kupumzika.

Shikamoo, Mzee Thobias, na asante kwa yote. Karamu ya leo ni yako, na safari hii hukukosea kutamka. Tunakuombea mapumziko matamu pamoja na mkeo, Mama Speciose, afya njema, na migomba isiyoangushwa na upepo.

Nyumba yako iko ng'ambo tu ya bonde, na mashine husikika hadi huko. Jumatatu asubuhi utaisikia ikiwaka. Tafadhali usije. Simama hapo hapo ulipo, usali nami Salamu Maria moja. Ikiisha na mashine bado inalia, ujue msasa umekaa.