Godoro Kwanza

Ukitoka barabara ya Nairobi ukiingia Free Area, hapa kwetu Nakuru, pale kwa yule mtu wa kuziba pancha, kuna benchi ya mbao ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo wazee wetu hukaa kila asubuhi mpaka birika ya Miraji iishe. Miraji tunamwita Pwani kwa sababu babu yake alitoka huko chini, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kupita Mtito Andei. Kigen ni Utafiti. Kila jambo kwake limefanyiwa utafiti, hasemi na nani. Bethwel ni Refa, kazi yake ni kuamua. Mimi nauza viazi vitamu hapo kando na wote wananiita Kogo, maana nimekuwa nyanya wa kila mtu. Siku hiyo kesi ilikuwa ya mjukuu wangu Jepkemei, aliyerudi kutoka Diani Jumapili, na tangu hapo hajakanyaga bekari anakofanya kazi. Supavaisa alikuwa ametuma neno: akikosa na kesho, nafasi yake inapewa mwingine. Nami nilikuwa nimeapa haipewi mtu.

— Kogo, anza mwanzo, akasema Refa. Siamui kesi nusu.

Nikawaambia. Walienda na wenzake wa bekari, wakakodi nyumba karibu na maji. Asubuhi bahari ilikuwa mbali kabisa, ni mawe na majani tu, wakaulizana kama ndiyo hii watu husafiria. Wakala, wakalala. Jepkemei akaamka mchana akaona maji yamepita pale walikuwa wameacha viti, na bado yanapanda. Na huyu mtoto amelelewa Kamere. Ziwa la Naivasha lilipofura liliingia kwao mpaka jikoni, mama yake akaja kwangu na watoto na magodoro mawili, na ndio wako hapa mpaka leo. Watu wa Kamere walijifunza utaratibu: godoro kwanza, maana godoro likilowa limekufa. Halafu unga, halafu kuku. Watu watajitembeza wenyewe. Kwa hivyo akatoa magodoro. Yote. Akayapandisha mpaka barabarani, na askari wa geti akamsaidia akidhani wanahama chumba. La mwisho mwenzake Sue alikuwa bado amelilalia, akamwagwa chini pamoja na shuka. Maji yakafika kwa ngazi, yakakaa kidogo, yakageuka. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Video iko kwa grupu ya bekari, na jina lake sasa ni Nuhu.

— Kwani hakujua bahari huwa inarudi? akauliza Utafiti.

— Angejulia wapi? nikamjibu.

— Bahari inapumua, akasema Pwani, akimimina kahawa. Babu aliniambia. Ikivuta inakuja, ikitoa inaenda.

— Na pua iko wapi? Utafiti akauliza.

— Likoni, pale kwa feri.

— Wewe hiyo feri umeiona lini?

— Damu yangu imeiona. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Wacha damu, Utafiti akasema. Utafiti umefanywa. Bahari ni moja, sisi na Wahindi tunaitumia kwa zamu. Wao wakifua, kwetu ni mawe. Wakimaliza, wanatuachilia. Ni kama mfereji wa hapa kwetu, maji hutoka Jumanne na Ijumaa tu.

— Na siku ya bili?

— Hiyo bado wanafanyia utafiti.

Refa aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue anaamua.

— Nyinyi wote mko ofsaidi. Bahari ikitoka hapo inaingia chini ya ardhi. Hii Rift Valley si ni ufa? Inapitia ufa inakuja Naivasha, inakuja Nakuru, inaenda Baringo. Kwani mlidhani maziwa yetu yalifura aje?

— Na chumvi? Maji ya Naivasha hayana chumvi.

— Chumvi inachujwa njiani. Inabaki Magadi.

Hapo hata Utafiti alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu Magadi iko na chumvi kweli.

— Sasa hiyo inarudisha mtoto wangu kazini aje? nikawauliza.

— Kogo, hii ndiyo utetezi yenyewe, Refa akasema. Kama ile bahari ndiyo ilikuja Kamere, basi Jepkemei hakukosea. Yale maji ni yale yale. Aliyatambua tu sura.

— Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, Pwani akasema polepole.

— Hiyo ni ya nyoka, Refa akasema. Hapa tunaongea maji. Ya maji ni hii: maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

— Maana yake?

— Maana yake aende kazi.

Hapo tulikubaliana wote. Marehemu mama yangu alikuwa akisema ukichekwa pahali, rudi hapo hapo kabla nyasi haijamea kwa njia. Nilikuwa nimemwambia Jepkemei hayo asubuhi, akanisikiliza akiosha viazi.

Pikipiki ikasimama. Ni Sue, yule wa shuka, na aproni ya bekari bado iko shingoni.

— Sasa wazee. Habari ya asubuhi, Kogo. Nimetumwa na zamu yetu. Bila Jepkemei mkate unatoka kama tofali.

Wakampatia nafasi, na Refa akamweleza mambo ya ufa na Magadi, kila kitu. Jepkemei akatokea na beseni ya pili ya viazi wakati Sue anajipangusa machozi ya kicheko.

— Lakini si ungengoja tu, Sue akamwambia. Huko Kamere maji yakiingia kwa nyumba, mlikuwa mnangoja muda gani ndio yarudi?

Hakuuliza kwa ubaya. Pwani akainamia birika. Refa alichukua kikombe chake, akakuta hakina kitu, akakishika hivyo hivyo.

Jepkemei akaweka beseni chini.

— Bado tunangoja.

Sue akamwangalia, akaniangalia mimi.

— Mama alipitishwa na mvuvi kwa boti, Jepkemei akasema. Akaonyeshwa mabati yetu, yako chini ya maji. Samaki wanaingia kwa dirisha.

— Aki sikujua. Kesho nitapitia hapa saa kumi na moja alfajiri, twende pamoja.

— Usipitie. Njia naijua, na kesho niko.

Akaanza kupanga viazi, vikubwa mbele, vile ninapenda vipangwe.

— Na mwaka ujao mkienda Diani, msiniwache. Sikuyaona yakirudi, nilikuwa barabarani na magodoro yenu. Nataka nikae chini niyaangalie yakirudi mpaka mwisho.